Mfupa umeunga, mbona mguu bado unauma?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Nasoma uuguzi, kwetu Pemba, upande wa Wete. Ami yangu alianguka mkarafuuni msimu uliopita akavunjika mguu. Eksirei ya sasa inaonesha mfupa umeunga, lakini mguu unamuuma hata ukiguswa na shuka. Kaandikiwa amitriptilini, hataki kuimeza kwa kuwa kasikia ni dawa ya wagonjwa wa akili. Anajipaka mafuta ya karafuu, na jirani anamshauri pilipili. Darasani tulifundishwa kuwa dutu P ndiyo inayobeba maumivu kwenye uti wa mgongo. Kama ndivyo, kwa nini asipewe dawa ya kuizuia hiyo dutu P, yakaisha?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Tuanze na hiyo sentensi ya darasani, maana ndiyo inayokupoteza. Habari ya maumivu, kutoka neva ya mguuni hadi seli ya uti wa mgongo, hupelekwa zaidi na kemikali iitwayo glutamati. Dutu P na peptidi wenzake (yaani minyororo mifupi ya asidi amino) wana kazi nyingine: huamua habari hiyo itasikika kwa nguvu gani, na kwa muda gani.

Neva nyembamba za maumivu huingia uti wa mgongo kwa nyuma, mahali paitwapo pembe ya nyuma. Kwenye ncha zake mna vifuko vya aina mbili. Vidogo vina glutamati. Vikubwa vina peptidi: dutu P, yenye asidi amino 11, na mara nyingi pamoja nayo CGRP, yenye 37. Mtu akichomwa na mwiba, vidogo hufunguka. Glutamati hutoka, huamsha seli ya pili kwa muda mfupi mno, kisha hufyonzwa. Vikubwa havishughuliki na mwiba. Husubiri neva ipige mfululizo na kwa kasi, na hivyo ndivyo neva za ami yako zilivyopiga siku ile alipoanguka na siku zilizofuata.

Peptidi zikishatoka hazifyonzwi kurudi zilikotoka. Hubaki mpaka vimeng'enya vizivunje, na huku zinasambaa mfano wa moshi wa udi: umefukiza chumbani kwako, harufu inafika kwa jirani. Ndiyo maana maumivu hutanuka kupita pale palipoumia. Dutu P ikishika kipokezi chake, yaani mahali pa seli panapoipokea, kiitwacho NK1, seli hubaki na msisimko kwa sekunde nyingi. Msisimko huo huiondoa magnesiamu iliyoziba mlango mwingine wa seli, uitwao NMDA. Kalsiamu humiminika ndani, na seli huanza kuitikia hata mguso mwepesi wa shuka. Mtafiti Clifford Woolf alionesha kwa panya, mwaka 1983, kwamba jeraha la mguuni hubadilisha utendaji wa uti wa mgongo wenyewe. Kwa hiyo ami hadeki. Eksirei hupiga picha ya mfupa; badiliko hili hailioni.

Sasa hiyo dawa uliyoiuliza. Ipo. Dutu P iligunduliwa na von Euler na Gaddum mwaka 1931, na baada ya kipokezi chake kujulikana, kampuni za dawa zilitengeneza vizuizi vya NK1 kwa matumaini makubwa. Kwa panya vilifanya kazi. Kwa binadamu, maumivu hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Kimojawapo, aprepitanti, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2003, lakini kwa kuzuia kutapika kwa wagonjwa wanaotibiwa saratani! Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kudhani mjumbe ni mmoja. Ukiiziba dutu P, glutamati na CGRP bado zipo, na zinatoka kwenye neva ileile.

Mofini, dawa kali ya maumivu, hufanikiwa kwa sababu haimsaki mjumbe mmoja. Hukaa kwenye ncha ya neva, hufunga njia za kalsiamu, na bila kalsiamu vifuko vya aina zote mbili havifunguki vizuri. Mwili nao una peptidi zake za namna hiyo: enkefalini, zilizotambuliwa Aberdeen mwaka 1975 na Hughes na Kosterlitz, hutolewa na seli za palepale kwenye pembe ya nyuma. Mofini ikidungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, dozi ya sehemu moja ya kumi ya miligramu yaweza kumtuliza mama aliyezaa kwa upasuaji. Ukifika wodini utawaona: hawalalamiki mshono, wanajikuna pua, kwani mofini hiyo huleta muwasho.

Na amitriptilini je? Ni kweli ilianza kama dawa ya sonona, ami hakudanganywa. Ila kwa maumivu ya neva hutolewa kwa dozi ndogo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 usiku, ili kuzipa nguvu neva zinazoshuka kutoka ubongoni kuja kutuliza pembe ya nyuma. Huchukua wiki kadhaa, hukausha mdomo na kuleta usingizi. Kama ana ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume, amwambie aliyemwandikia kabla hajaanza.

Mafuta ya karafuu yana eujenoli, inayotia ganzi kidogo pale ilipopakwa. Kwa jino yanasaidia, kwa mguu huu sitegemei mengi. Pilipili ina hoja zaidi. Kapsaisini hufungua kipokezi TRPV1, kile ambacho David Julius alipata sehemu ya Nobel ya 2021 kwa kukigundua. Mwanzoni inaunguza, na peptidi zinamwagika. Ikipakwa kila siku kwa wiki kadhaa, ncha za neva kwenye ngozi huchoka na kunywea. Lakini anunue krimu ya duka la dawa, ya asilimia 0.025 au 0.075, si pilipili mbuzi ya kutwanga, ambayo haina kipimo na hubabua ngozi. Asipake penye kidonda. Na akishapaka anawe mikono kwa sabuni vizuri kabla ya kutia udhu, kwani maji matupu hayaitoi kapsaisini, na atajisugua nayo usoni na puani.