Kabla hujampa fundi breki, mpe oili kwanza

Gari likishazima pale Mafiati, hapa Mbeya, saa mbili asubuhi, huchagui gereji tena. Unampokea yeyote atakayetokea na spana, na bei anapanga yeye. Kwa aliyenunua gari hivi karibuni, au aliyehamishiwa Mbeya kikazi na bado hajapata fundi, nasema hivi: tafuta gereji wakati gari ni zima, na uanze na kazi ndogo. Mimi huanza na oili.

Kumwaga oili kila fundi anaweza, ndiyo maana ni kazi nzuri ya kumpimia. Gari langu ni IST ya 1500, injini ya 1NZ, na ukibadilisha na filta inakunywa lita 3.7. Galoni la dukani ni lita nne. Fundi mzembe anamimina galoni zima, anafunga boneti, "Tayari, dada." Ninayemtaka mimi anabakiza kidogo, anawasha injini, anazima, anasubiri oili ishuke. Kisha anachomoa kijiti, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena na kunionyesha. Akimaliza anainama chini kuangalia kama nati ya sampu, pale oili inapomwagwa, inavuja. Filta mpya ameipaka oili kwenye raba na kuikaza kwa mkono, si kwa kuigonga. Hakuna aliyemwambia afanye hayo, na mtu wa aina hiyo hata kwenye breki hatalipua kazi.

Nina na swali la mtego. Namuuliza, "Fundi, belti ya taimingi nibadilishe lini?" Injini ya 1NZ, ambayo imo pia kwenye Probox na Premio ndogo, haina belti ya taimingi, inatumia cheni. Anayeijua atakujibu hapo hapo huku akiendelea na kazi yake. Kwenye gereji moja hapa mjini niliambiwa belti "imechoka sana", nikatajiwa na bei. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaulizwa kama shemeji hayupo, aje tuongee naye. Nilishukuru, nikaondoka zangu.

Sasa tuje kwenye hela. Wengi wetu tunabishana na fundi kwenye ufundi, tunamshusha mpaka anacheka, halafu tunamwachia yeye akanunue spea. Unadhani anafidia wapi? Anaongea na mwenye duka, bei inapanda, naye anapata cha juu. Wakati mwingine haipandi, ila unafungiwa spea feki, na hiyo ni hasara zaidi. Mimi ufundi sibani sana, spea nanunua mwenyewe au tunaongozana dukani, na ile ya zamani naiomba mkononi. Fundi anayekasirika ukiomba breki pedi zako za zamani amekuambia kila kitu.

Breki ndizo zinazotofautisha gereji, hasa kwetu huku Nyanda za Juu. Mtu wa Dar anaweza kuishi na breki za kubahatisha kwa sababu foleni haimruhusu kukimbia. Sisi tuna mteremko wa Inyala, tuna Mlima Nyoka, na ukielekea Dar kuna Kitonga. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Nyasa kule Kyela liko kwenye mita 475 hivi. Tofauti hiyo yote unaishuka kwa tairi nne, na asiyepunguza gia anaishuka kwa breki peke yake. Breki zinapata joto kali, na ndipo oili ya breki inapojulikana kama ni nzima. Oili hiyo hunyonya unyevu wa hewani. Ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140. Ikichemka inatoa mapovu, pedeli inazama mpaka chini, na gari haliko nawe tena.

Kwa hiyo nikifika gereji naangalia chupa ya oili ya breki iko wapi. Ikiwa imekaa dirishani wazi, kifuniko hakionekani, na vumbi limeshajenga shingoni, breki zangu hazifunguliwi pale. Naangalia pia kama gari limewekewa stendi au linaning'inia kwenye jeki huku kijana yuko chini yake. Asiyejali uhai wa kijana wake hatajali wa kwako.

Kuna tabia nyingine ya kuiogopa. Gari likichemsha, wapo mafundi wanaong'oa temostati, kile kivalvu kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, na kuitupa, wanakuambia hapo umepona. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, injini isiyo na temostati inachelewa sana kupata joto, inakula mafuta bure, na chanzo cha kuchemsha kipo pale pale. Rejeta imeziba au mfuniko wake umechoka, hakuna aliyeangalia.

Si lazima kila kazi ifanyike sehemu moja. Umeme nina fundi wangu wa umeme, alaimenti ya matairi napeleka penye mashine, na gia za CVT, zile otomatiki za mkanda, simpi mtu kabla hajaniambia anaweka haidroliki (oili ya gia) gani. Akijibu "hii hii ya kawaida," nafunga mlango. Ukubwa wa gereji haunitishi wala haunivuti. Nimeona kazi safi chini ya mwembe na kazi chafu penye sakafu ya vigae.

Na sevisi ya safari usiifanye jioni ya kuamkia safari. Mimi napeleka gari wiki moja kabla, kisha naliendesha mjini kama kawaida, Uyole na Mbalizi, nikisikiliza. Siku mbili kabla ya kuondoka narudi kwa fundi yule yule. Anakaza tena nati za matairi, anaangalia oili na maji ya rejeta, anakanyaga breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa. Ya hivyo hanitozi, ila soda yake huwa nimekuja nayo.