Kwenda kuona Safari Rally (mbio za magari za Naivasha, Kenya) kutoka Arusha: siku nne zinatosha?
Zinatosha kaka, ila usilale Nairobi. Vuka mpaka wa Namanga asubuhi na mapema ukiwa na pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Viza sisi Watanzania hatuhitaji. Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90 tu, lakini wikiendi ya rali foleni ya kule haina adabu, na bei za vyumba Naivasha ndo usiseme. Mimi nililala Gilgil, jirani na Elmenteita, kwenye kipande cha mbio kiitwacho Sleeping Warrior. Hapo fika alfajiri, kabla barabara haijafungwa. Beba kitambaa cha vumbi na gambuti pia: tangu 2024 rali wameihamishia Machi, mvua ikishuka ni tope tupu. Jumatatu kodi baiskeli uzunguke hifadhi ya Hell's Gate hapo Naivasha, ndo urudi.