Paniki na wasiwasi: tazama saa kabla ya kutazama dalili

Mkuu umeuliza kama moyo kwenda mbio kabla ya usaili wa kazi ni kitu kimoja na kushtuka usingizini ukidhani unakata roho. Hapana: ule wa usaili ni wasiwasi, huko kushtuka ni paniki (hofu kali ya ghafla), ingawa adrenalini, homoni ya mwili ya kukabili hatari, ni ileile na dalili nyingi zinafanana. Ndiyo maana orodha za dalili haziwasaidii watu sana.

Tazama kasi kwanza. Paniki hulipuka: ndani ya dakika chache, mara nyingi hazifiki 10, imeshafika kileleni, kisha inaanza kushuka. Wengi humalizana nayo ndani ya nusu saa, wakabaki na uchovu tu. Inaweza kuja bila sababu yoyote, hata ukiwa umelala. Wasiwasi hupanda taratibu, una jambo unaloshikilia (mtihani, deni, majibu ya vipimo), na unaweza kukaa nawe siku nzima: shingo imekaza, tumbo linasumbua, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu.

Kisha tazama unachoogopa. Mwenye wasiwasi anaiogopa kesho. Mwenye paniki anaogopa sasa hivi: nakufa, nachanganyikiwa, nashindwa kujizuia.

Mwongozo wa DSM-5 wa mwaka 2013, unaotumiwa na madaktari wa akili kutambua magonjwa, unaorodhesha dalili 13 za paniki na kutaka angalau 4. "Shambulio la wasiwasi" halimo humo kama utambuzi, kwa hiyo ukimwambia daktari hivyo tu hujamsaidia. Mweleze ilivyokwenda: ilianza ghafla au polepole, ilichukua muda gani kufika kileleni, ulikuwa unafanya nini, ulikunywa kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu. Paniki moja si ugonjwa. Huitwa ugonjwa ikijirudia bila kutarajiwa, na walau moja ikafuatiwa na mwezi mzima au zaidi wa kuogopa nyingine, au wa kukwepa basi, foleni na mikusanyiko. Ugonjwa wa wasiwasi wa jumla hupimwa kwa miezi: 6 au zaidi, siku nyingi kuliko zisizo nao.

Ile ganzi ya vidole na midomo huwatisha wengi wakadhani ni kiharusi. Mara nyingi chanzo ni kuhema haraka mno. Kabonidioksaidi katika damu inashuka, mishipa ya ubongo inabana, kizunguzungu na ganzi vinafuata. Mtu anahisi hewa haitoshi, anavuta zaidi, na hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo "vuta pumzi ndefu" ni ushauri mbovu. Refusha kutoa: vuta kwa puani sekunde 4, toa sekunde 6, tumbo ndilo lipande na si kifua, kwa dakika 5 hivi. Mfuko wa karatasi wa kupumulia ndani yake achana nao. Kama kumbe ni pumu au moyo, unaweza kukudhuru.

Jambo la pili la kufanya ni gumu kidogo: usikimbie pale ulipo, mradi pana usalama. (Ukiwa unaendesha gari, egesha.) Ukitoroka, hofu inashuka na ubongo unajifunza kwamba kutoroka ndiko kulikokuokoa, basi mara ijayo hofu inakuja mapema zaidi. Kutembea na chupa ya maji au kidonge mfukoni "kwa tahadhari" hufanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Tiba ya fikra na tabia hugeuza mchezo: mtaalamu anakuzungusha kwenye kiti au anakufanya ukimbie ukiwa mahali pamoja hadi moyo udunde, mpaka uzoee moyo kudunda bila hofu. Kwa wasiwasi mbinu ni nyingine: kutenga muda maalumu wa kuhangaika, kuandika lipi linatatulika na lipi halitatuliki, kupunguza kafeini, kulala kwa saa zilezile.

Dawa zinazoongeza serotonini (kemikali ya ubongo) hutumika kwa hali zote mbili, lakini huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na siku za mwanzo zinaweza kuongeza msukosuko. Diazepamu na jamii yake hutuliza upesi, ila huzoeleka. Usizitumie bila daktari wala kuziacha ghafla.

Kabla ya kujiambia ni paniki, hasa ikiwa ni mara ya kwanza, pima moyo, sukari, damu na homoni za tezi ya shingo. Maumivu ya kifua yanayokuja ukijitumikisha, yanayosambaa mkononi au tayani, au kuzimia kabisa, hayo hayasubiri mazoezi ya kupumua. Nenda hospitali saa hiyohiyo.