Kabla hujasema "anaropoka"

Asubuhi moja nyumbani kwetu Tanga, mama aliniita kutoka barazani: "Mwanangu, mtie yule jogoo sandukuni, meli inang'oa nanga." Hatufugi kuku, wala hapakuwa na safari. Nikamjibu kwa mkato, "Mama, acha kuropoka," nikaendelea kufua.

Jirani yetu, mkunga mstaafu, alikuwa anapita. Akamgusa mama shingoni, kiganja kikatoka kimelowa jasho. "Huyu haropoki. Leta sukari, haraka!" Mama ana kisukari. Alikuwa ameshachoma insulini, dawa ya kushusha sukari, na uji wake ulikuwa bado mezani, umefunga utando; sukari yake mwilini ilikuwa imeshuka mno. Tukamkorogea vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, akanywa mwenyewe. Baada ya kama robo saa akaniuliza mbona nalia.

Neno lile linaniuma hadi leo. Kiswahili kina maneno mengi ya usemi usio na kichwa wala miguu, lakini hayalingani. Kuropoka kuna lawama ndani yake: mtu ana akili zake timamu, ila hakuyapima maneno kabla ya kuyatoa. Kupayuka ni hivyo hivyo, na kelele juu yake. Kubwabwaja nakusikia mdomoni zaidi, maneno yanavyoviringana kama ya mlevi. Kuweweseka hakuna lawama hata chembe, ni kwa aliyelala au aliyezidiwa na homa. Mimi nilimpa mgonjwa neno la lawama, na nilipokwisha kumlaumu sikuona haja ya kunyanyuka nikamtazame.

Kwa hiyo mzazi mwenye kisukari akianza ghafla kusema yasiyoeleweka, msogelee, mguse. Pima sukari. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, au huna kipimo na anatetemeka na kutoka jasho, mpe kinywaji chenye sukari iwapo anaweza kumeza, umpime tena baada ya dakika 15. Asipoweza kumeza usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na ukiona maneno yanaburuzika huku uso umepinda upande au mkono umelegea, huenda ni kiharusi, usisubiri hata kidogo.

Ukifika kwa daktari, usiseme "anaongea upuuzi". Taja maneno yenyewe, na saa. Kwenye daftari la sukari la mama niliandika: "Saa 2:40 asubuhi. Jogoo, sanduku, meli." Daktari aliusoma mstari huo mara mbili, ndipo akabadilisha kiwango cha insulini.