Herufi A na kidole changu cha mwisho

Mimi ni mfasiri. Kazi yangu ni kugeuza mikataba, ripoti na miongozo ya afya kuwa Kiswahili, na siku ikienda vizuri nacharaza maneno elfu tatu. Mwaka juzi kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilianza kuuma. Mwanzoni kiliuma jioni tu, baadaye hata asubuhi nikishika kikombe cha chai. Mwishowe nilijijengea kibodi yangu mwenyewe, na hapa naeleza jinsi nilivyofanya.

Kabla sijafika mbali: kama vidole vinakufa ganzi usiku, au vitu vinakuponyoka, usianze na kibodi, anza na daktari. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati mara nyingi hutoka kwa mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono. Ganzi ya kidole cha mwisho hutoka kwa mshipa mwingine, ule unaozunguka nyuma ya kiwiko, nao huminywa hata na tabia ya kuegemeza viwiko mezani. Mimi nilipimwa nikaambiwa ni kano zilizochoka. Nilipumzika wiki mbili, maumivu yakaisha. Niliporudi kazini, yalirudi palepale.

Hilo la kurudi palepale lilinifikirisha. Kwa nini kidole kile tu, na kwa nini kushoto? Nikachukua tafsiri zangu za mwaka mzima nikaiachia kompyuta ihesabu herufi. A peke yake ilikuwa zaidi ya herufi moja katika kila tano. Kwa Kiingereza herufi inayoongoza ni E, nayo ni kama 12 katika kila 100. Chukua sentensi ya kawaida ya ofisini: "Tafadhali andaa nakala ya barua." Ina herufi 27, na 12 kati yake ni A. Kwenye kibodi ya kawaida zote 12 zinabonyezwa na kidole kilicho dhaifu kuliko vyote, tena cha mkono wa kushoto.

Mpangilio wa herufi tunaoutumia kwenye kibodi ulitoka kwa Christopher Latham Sholes na wenzake huko Milwaukee, Marekani. Kampuni ya Remington ilianza kuiuza mashine yao ya chapa mwaka 1874. Hata ule mshazari wa safu, yaani Q kutokaa sawasawa juu ya A, nayo A kutokaa sawasawa juu ya Z, ulitokana na vyuma vya mashine ya chapa vilivyohitaji nafasi ya kupishana. Kompyuta haina vyuma hivyo, ila mshazari umebaki, na mkono wa kushoto ndio unaoupinda kifundo kuufuata.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kubuni kibodi yake: hesabu kwanza herufi za lugha unayoiandika. Watu wengi huanza kwa kuchagua rangi na swichi, yaani vile vifaa vidogo vilivyo chini ya kila kitufe, wakaishia na kitu kizuri kwa macho kinachoumiza vilevile.

Wazo la kuihamisha A nililipata kwa Lillian Malt, mwanamke wa Uingereza aliyekuwa akifundisha kupiga chapa. Katika miaka ya 1970, yeye na Stephen Hobday walibuni kibodi ya Maltron, na katika mpangilio wao herufi E ilikaa chini ya kidole gumba. Nilipoiona picha yake nilikaa kimya muda mrefu. Gumba ndilo kidole chenye nguvu kuliko vyote, na kwenye kibodi ya kawaida magumba mawili yanagawana kazi moja tu, kuweka nafasi. Kama wao walimpa gumba E, mimi nikaamua kumpa A.

Umbo nililitafuta kwa karatasi. Kaa kwenye kiti chako cha kazi, legeza mabega, weka kiganja juu ya karatasi vidole vikiwa vimekunjika kidogo kama umeshika chungwa, kisha mtu mwingine aweke alama penye kila ncha. Usijiwekee mwenyewe, maana ukiinama tu mkono unabadilika. Kwangu ncha ya kidole cha mwisho ilikuwa chini ya ile ya kidole cha pete kwa milimita 21, tofauti ambayo ni zaidi ya kitufe kizima, kwa kuwa kibodi za kawaida huacha milimita 19 kati ya kitufe na kitufe. Basi nikapanga vitufe kwa safu za wima, kila kidole na safu yake, kila safu ikipanda au kushuka kufuata alama. Nikakata boksi la viatu, nikabandika vifuniko vya kibodi iliyokufa, nikawa nacharaza hewani kila jioni kwa wiki nzima. Boksi hilo lilirekebishwa mara tisa, na halikunigharimu chochote. Kosa linaloonekana kwenye boksi ni rahisi. Likionekana baada ya kulehemu, umeshapoteza vifaa.

Kibodi nikaigawa vipande viwili, kila kimoja kikikaa mbele ya bega lake, ili vifundo visipinde kwenda nje. Upande wa ndani wa kila kipande niliunyanyua. Nilianza na viberiti, nikawa naongeza kimoja kimoja mpaka kigasha kikaacha kujisokota, kisha fundi seremala wa Keko akanichongea kabari za mninga kwa kimo hicho hicho. Zile miguu ndogo za nyuma zilizo chini ya kibodi ya kawaida, zikunje leo hii hata kama hujengi chochote. Zinaukunja mkono kwenda juu, na hapo ndipo kifundo kinapobanwa.

Umeme wake si mgumu kama unavyodhaniwa. Kila kipande kina vitufe 18, vilivyopangwa kwa mistari minne na safu tano, hivyo nyaya tisa tu zinafika kwenye chipu, ambayo ndiyo ubongo wa kibodi. Kila kitufe kina daiodi yake, kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, namba 1N4148, zote zikielekea upande mmoja, la sivyo ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja kompyuta inaweza kuona cha nne ambacho hukukigusa. Programu ya QMK ni ya bure na ndiyo inayoiambia chipu kila kitufe ni herufi gani. Namba na alama nimeziweka kwenye tabaka la pili, unashikilia kitufe kimoja cha gumba zinatokea. Kwa kidole cha mwisho nilitafuta swichi zenye springi laini ya gramu 35. Vidole vingine vina 45.

Nilikosea mara mbili, na makosa yenyewe nayaeleza ili yasikupate. La kwanza, niliuchomoa waya unaounganisha vipande viwili kibodi ikiwa na umeme. Plagi ya aina ile, kama ya spika za masikioni, ikitoka hugusanisha njia za umeme na za data, na chipu moja ikaungua papo hapo. Chomoa kwanza waya wa USB, siku zote.

La pili lilikuwa la mpangilio, na ndilo lililonifundisha zaidi. Nilimpa gumba la kushoto A, kisha kitufe cha nafasi nikakiweka palepale jirani yake. Baada ya siku nne shina la gumba likaanza kuwaka. Nilipoyatazama maneno yangu nikaona sababu: ya, wa, na, kwa, za, la, haya yote yanaishia na A, na baada ya A inafuata nafasi. Gumba moja lilikuwa linaruka kutoka kitufe hadi kitufe bila kupumua. Nikahamisha nafasi kwenye gumba la kulia. Sasa kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama kutembea.

Pale A ilipokuwa zamani nimeweka ile alama ya ng', ambayo kwenye kibodi nyingine ilinilazimu kuifuata mbali. Herufi nyingine zote sikuzigusa, kwa sababu bado kuna siku nafanya kazi kwenye kompyuta za ofisi za wateja, na sitaki mikono isahau njia.

Kujifunza kulichukua wiki tatu. Wiki ya kwanza kasi yangu ilishuka chini ya nusu, kwa hiyo usianze ukiwa na kazi ya kukabidhi Ijumaa. Mimi nilianza wakati wa likizo, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, nikicharaza barua kwa shangazi yangu aliyeko Tanga. Barua ya nane ndiyo ya kwanza niliyoimaliza bila kukitafuta A kwa kidole cha zamani.