Ukitaka filamu ya kuliza, uliza kwanza nani anakufa

Juni ikishaingia, huku Mbeya saa mbili usiku kila mtu yuko ndani na blanketi lake, na ndipo meseji zinapoanza: "Kaka, nitajie muvi kali ya mapenzi, ila iwe ya kuliza." Kabla sijataja jina lolote huwa nauliza: umefiwa, umeachwa, au unataka tu kulia? Watu hucheka. Lakini kila jibu lina filamu yake, na ukikosea unaweza kumharibia mtu wiki nzima.

Anayetaka kulia tu hanipi shida. Titanic ya 1997 ipo, na hata aliyeiona akiwa shule ya msingi atalia tena. Aliyeachwa nampa Kal Ho Naa Ho ya 2003, ambamo Shah Rukh Khan ana ugonjwa wa moyo, anampenda binti, na badala ya kumwambia anahangaika kumuunganisha na mwanaume mwingine. Inazidi saa tatu, Wahindi hawana haraka. Jitayarishie chai.

Aliyefiwa ndiye wa kukaa naye chini.

Baba alipofariki, nyumbani Tukuyu kulijaa watu. Wanaojua misiba ya Rungwe wanaelewa: wanawake ndani, wanaume nje kwenye moto, masufuria hayapoi. Na kila aliyeingia kumpa mama pole alimaliza kwa "jikaze". Mama akajikaza kweli. Matanga yakaanuliwa, watu wakatawanyika, naye bado kajikaza. Miezi ikapita, nikamchukua aje akae kwangu Uyole. Mchana alichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Jioni aliangalia taarifa ya habari bila kuisikia.

Msibani kila mtu hulia marehemu wake, hata akisimama kwenye kaburi la jirani. Filamu ya huzuni inafanya kazi hiyo hiyo, tena hakuna anayekutazama. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mfiwa apewe vichekesho tu. Mpe ya huzuni, ila si ndani ya wiki ya matanga, na usimvizie. Mwambie mapema nani anakufa, anakufaje, na ni sehemu gani ya filamu. Vijana wanaona hilo ni kuharibu utamu. Mtu aliyezika hatafuti utamu wa kushtukizwa, kwa sababu kushtukizwa alishashtukizwa vya kutosha.

Na waandaaji wazuri wenyewe wanalijua hilo. Chukua Amour ya mwaka 2012, ya Michael Haneke, iliyopata tuzo kubwa kuliko zote pale Cannes, kwenye tamasha la filamu la Ufaransa. Inaanza na zimamoto wakivunja mlango wa nyumba moja ya Paris, wanamkuta bibi amelazwa kitandani, amekufa, kazungukwa na maua. Ndipo hadithi inarudi nyuma: mume na mke, walimu wa muziki waliostaafu, mke anapata kiharusi, mume anamuuguza. Umeshajua mwisho, na bado unakaa. Emmanuelle Riva aliyecheza bibi huyo alikuwa na miaka 85 alipotajwa kuwania Oscar.

Mama hajui Kifaransa wala Kiingereza cha maandishi ya chini, kwa hiyo nilikaa pembeni yake nikimweleza taratibu. Swali lake la kwanza halikuhusu ugonjwa.

"Ndugu zao wako wapi?"

Nikamwambia wana binti mmoja, anakuja na kuondoka.

"Na majirani?"

Alisikitikia nyumba ile tupu kuliko alivyosikitikia kiharusi. Halafu ikafika pale mzee anapomnywesha mkewe maji, bibi anakaza midomo, anayatema, na mzee anampiga kofi. Nikadhani mama atachukia. Akasema, macho yako kwenye skrini, "Hata mimi nilimgombeza baba yako alipokataa uji." Nikasimamisha. Akaongea mpaka usiku mwingi, mambo ya wodini ambayo hakuwahi kumwambia mtu, na katikati ya maneno hayo akalia. Hatukuimaliza. Mwisho nilimsimulia kwa mdomo, nami nakusimulia na wewe: mzee anammaliza mkewe kwa mto. Mama akasema hiyo haina haja ya kuiona. Sawa kabisa. Hakuna mtihani wa kumaliza filamu.

Nikija kwenye DJ, wale wanaotafsiri filamu za nje kwa kuingiza sauti yao ya Kiswahili juu yake. Nawapenda DJ wetu, wengi wetu tusingejua filamu bila wao, na kwenye ngumi na risasi hawana mpinzani. Ila kwa filamu ya msiba, usichukue iliyotafsiriwa. Mgonjwa anakata roho, mkewe kamshika mkono, chumba kimya, halafu DJ anaingia: "Oyaa, mshkaji ndio anaaga hivyo!" Kimya kile ndicho ulichokifuata, naye amekijaza. Bora umtafsirie mzazi wako mwenyewe, kwa sauti yako, uruke unachotaka kuruka.

Au tafuta ya Kiswahili. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi: Yasmin, binti aliyeozwa kwa mtu mzima, anakimbia na kukutana na Denge anayepigania uhuru wa Zanzibar chini ya Mwingereza. Inafaa kwa aliyetenganishwa na mtu wake ambaye bado yu hai. Hilo nalo ni msiba, tena hauna matanga.

Mambo madogo: chaji laptopu kabla, maana umeme ukikatika mgonjwa akiwa kitandani, mfiwa hulala na picha hiyo. Na baridi isikufanye uingize jiko la mkaa ukafunga madirisha, hewa yake inaua kimyakimya. Mkae wawili, si ukoo mzima, vinginevyo yule wa "jikaze" hatakosekana.

Kama hujui pa kuanzia, anza na Up ya 2009, hata kama ni katuni na watoto watataka kukaa nanyi. Ndoa ya Carl na Ellie, kuanzia harusi mpaka mazishi, inapita ndani ya dakika chache za mwanzo, karibu bila neno lolote, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri. Kifo kinakuja mapema, kisha filamu nzima iliyobaki ni ya mzee aliyeachwa: anaamka, anabishana na watu, anasafiri. Mama aliipenda kuliko zote. Alitaka tu kujua yule mzee anapikiwa na nani.