Mionzi hospitalini: beji ivaliwe, mlango upimwe

Ultrasaundi ina mionzi? Nina mimba. (Boma Ng'ombe)

Haina, ni mawimbi ya sauti. MRI nayo haina, ni sumaku. Nimeshalijibu mara nyingi. La kukumbuka ni hili: ukiandikiwa eksirei au CT (eksirei ya kompyuta), taja mimba yako kabla hujapanda kitandani.

Nafanya usafi chumba cha eksirei. Mionzi hubaki ukutani? (Sakina)

Haibaki, dada. Mashine ikiacha kupiga, mionzi imekwisha papo hapo. Taa nyekundu ya mlangoni ikiwaka, usiingie.

Beji zetu za kupima mionzi husoma sifuri kila mara. Tuendelee kuzilipia? (Moshi)

Lipeni, lakini kwanza semeni zinakaa wapi. Beji ya kwenye droo itasoma sifuri hata kama mvaaji anachomwa. Ndani yake mna fuwele, mara nyingi za lithiamu floridi, zinazonasa nishati ya mionzi. Maabara huzipasha joto, zikatoa mwanga, na mwanga huo ndio unaoonyesha dozi, yaani kiasi cha mionzi ulichopata. Dozi ambayo beji haikuinasa haipatikani tena.

Ivaeni kifuani, chini ya aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, kila zamu. Msiazimane. Ukipigwa picha wewe mwenyewe kama mgonjwa, ivue. Ukiisahau kwenye aproni iliyotundikwa chumba cha mashine, itajaza dozi isiyo yako na utatakiwa kujieleza. Kikomo cha mfanyakazi ni milisiveti (kizio cha dozi) 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, na mwaka wowote usizidi 50. Raia wa kawaida ni 1.

Na hizo aproni acheni kuzikunja! Risasi hupasuka ndani kitambaa kikiwa kizima. Zitundikeni, na kila mwaka mzipige picha ya eksirei kutafuta nyufa.

Nimenunua mashine ya eksirei iliyotumika, iko njiani. Leseni naanzia wapi? (Arusha mjini)

Umeanza kinyume, ndugu. Kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya Sheria Na. 7 ya 2003, hutangulia mzigo. Tume ina ofisi hapo Njiro, nenda leo. Peleka ramani ya chumba kabla fundi hajapiga lipu, ikionyesha nani anakaa nyuma ya stendi ya kupigia picha za kifua, maana ukuta huo hupigwa na mwale wenyewe. Kuta nyingine hupata zaidi mtawanyiko, yaani mionzi inayoruka pembeni.

Ugonjwa mkubwa ni mlango. Ukuta hujengwa mnene, kisha bamba la risasi la mlango likaishia kabla ya fremu, na benchi la wagonjwa liko hapohapo nje. Weka ndoo ya maji mahali pa mgonjwa, piga eksirei, kisha pima mionzi nje kuzunguka fremu yote. Pima pia mwanga wa kolimeta, kifaa kinachobana mwale na kuonyesha kwa taa utakapopiga: kwa umbali wa mita 1, usipishane na mwale kwa zaidi ya sentimita 2. Ukipishana, unachoma sehemu ambayo daktari hakuiomba, kisha picha inarudiwa. Tena usiazime aproni za jirani siku ya ukaguzi. Mkaguzi akiondoka, wafanyakazi wako wanabaki bila kinga.

Mtoto asiyetulia ashikwe na nani? (Majengo)

Jaribuni kwanza mikanda na mifuko ya mchanga. Ikishindikana, mzazi asiye mjamzito, ndani ya aproni, mikono nje ya mwale. Asiwe muuguzi yuleyule kila siku.